Siku Nilipomshika Simba Kichwani

Kuna aibu za kuficha, na kuna aibu ambazo hata ukizificha mtaa mzima unazijua. Hii yangu ni ya aina ya pili, kwa hiyo afadhali niisimulie mwenyewe kuliko kuwaachia majirani wa mtaa wetu wa Kabondo ambao kila mwaka wanaiongezea chumvi (mmoja wao siku hizi anasema nilibaki uchi, naomba ijulikane kwamba sikubaki uchi, nilikuwa na sketi ya ndani, na habari za sketi hiyo tutazifikia). Naitwa Riziki, binti wa fundi cherehani, na wakati ule nilikuwa msichana wa umri wa kuolewa mwenye akili za kuku.

Yote yalianza na paka. Baada ya uhuru, Wazungu wengi wa Kisangani waliondoka mbiombio, na familia moja ambayo Papa, baba yangu, alikuwa akiishonea nguo ilimwachia vitu viwili ambavyo havikuingia kwenye masanduku yao, yaani pazia la maua mekundu na paka wa kike aliyeitwa Minette, jina ambalo nyanya yangu, tuliyemwita Koko, alilifanya Mineti likabaki hivyo. Mineti alikuwa mweupe, mnene, mwenye dharau, amelelewa kwa mkate wa siagi, na kwa muda mrefu hakujua hata kidogo kwamba panya ni chakula. Koko alimpenda kuliko alivyotupenda sisi wajukuu, akisema paka ni kiumbe safi, anaruhusiwa kupita mbele ya msala mtu anaposali, na je, sisi na miguu yetu ile tuliwahi kuruhusiwa? Basi uasi ukaja, vijana waliojiita Simba wakaushika mji, njia ya Bengamisa iliyotuletea chakula ikawa leo iko wazi kesho imefungwa, mihogo ikapungua, siagi ikawa hadithi, na Mineti kwa mara ya kwanza maishani mwake akalazimika kufanya kazi.

Sasa, kabla sijaendelea, lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo mtanicheka mahali pasipochekwa. Hawa Simba walikuwa wameoshwa kwa dawa, na dawa hiyo ilikuwa inageuza risasi kuwa maji, ndiyo maana walipokwenda vitani walipiga kelele za “mai, mai”, yaani maji, maji. Lakini dawa ilikuwa na masharti, na sharti mojawapo ni kwamba Simba haguswi na mtu ambaye hakuoshwa, na mwanamke ndiye kabisa haruhusiwi kumgusa. Ukimuuzia mkate unauweka chini, unarudi nyuma, ndipo yeye anasogea kuuokota. Akina mama waliwasalimu wana wao kutoka ng’ambo ya barabara. Mimi mwenyewe nilimwona Mama Albertine, mwanamke wa kule kwa wavuvi wa maporomoko ya mto ambaye alituletea samaki nyumbani tangu sijaota meno ya utu uzima, akimwekea mwanawe chakula chini juu ya jani, kisha akasimama kando amejikumbatia mwenyewe kwa mikono yote miwili, nadhani ili asije akajisahau. Mtu akimgusa Simba, dawa inakufa, na Simba akienda vitani na dawa iliyokufa, risasi ya kwanza ni yake. Iwe kweli isiwe kweli, sisi tuliamini, na wao waliamini kutuzidi.

Huyo mwana wa Mama Albertine aliitwa Anaclet. Tulikuwa rika moja, zamani alikuwa akija na mama yake amebeba beseni la samaki kichwani, na wakati mama yake anabishana bei na Koko, sisi wawili tulikuwa uani tunapigana makokwa ya maembe. Alikuwa mtu wa kucheka sana. Alipojiunga na Simba akaacha kucheka, akawa anasimama kwenye barière, kizuizi chao cha barabarani karibu na soko dogo, ngozi ya nyani kichwani, mkuki mkononi, na ukipita anajifanya hajawahi kukuona duniani.

Bon. Asubuhi moja Mineti akaja barazani na ndege mdomoni. Alikuwa mdiria, yule ndege mdogo wa buluu mwenye mdomo mrefu anayekaa kwenye matawi ya mtoni akivizia samaki, na jinsi alivyofika Kabondo mpaka leo sielewi. Nikamrukia paka, paka akanuna, akaachia, nikabaki na ndege kiganjani, macho yamefumbwa nusu, damu kidogo ubavuni, bawa moja limening’inia. Moyo ukaniuma, nasema kweli. Miezi ile tulikuwa tumeona mambo mengi ambayo hakuna mtu aliyeweza kuyafanyia chochote, na hapa kulikuwa na jambo moja dogo linaloenea mkononi.

Papa hakuinua hata macho kutoka kwenye cherehani.

“Riziki, acha paka ikule. Na yeye iko na njaa sawa siye.”

Koko naye, ambaye kila siku alikuwa upande wa paka, safari hii akasema ndege aliyenusurika kinywani ana haki yake mbele ya Mungu, kumrudisha ni dhambi, wakaanza kubishana, mimi nikajificha jikoni na mgonjwa wangu. Nikampa wali. Akanidonoa kidole. Nikampa kipande cha kwanga, ule mkate wetu wa muhogo, nilichokilowesha, akanitazama tu, na mtazamo wake na wa Mineti ulikuwa mmoja. Ndipo nikakumbuka kwamba mdiria anakula samaki, na samaki wako kwa wavuvi, na wanawake wa kule wanapopasua samaki hutupa vidagaa visivyo na kazi, kwa hiyo nikimpeleka huko atakula, atapona, atarudi kwao. Mpango mzuri kabisa, ila Papa alikuwa amenikataza kutoka nje ya mtaa.

Nikangoja aondoke kwenda msikitini kwa sala ya adhuhuri. Na hapa ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo ulioniharibia jina. Kapu tulikuwa nalo, tena lenye kifuniko, lakini nikajiambia kwamba kwenye barière wanapekua makapu yote, watamwona ndege, wataniuliza maswali, labda watasema ni uchawi, kwa hiyo afadhali nimfunge kwa kitambaa nimweke kifuani ndani ya blauzi, halafu nijifunge liputa yangu ya kitenge juu kabisa, chini ya makwapa, hakuna atakayejua. Nilijiona mjanja. Koko alinitazama nikitoka, akasema, “Unanenepa ghafla,” akaniacha nipite, Mungu amrehemu.

Barière ilikuwa shina la mti lililolazwa juu ya mapipa mawili. Siku hiyo Simba walikuwa wengi kuliko kawaida, wameketi kivulini na vifurushi vyao, wakingoja lori la kuwapeleka vitani. Anaclet alikuwa amesimama mbele. Mkubwa wao, mtu mzima mwenye kofia ya jeshi iliyopasuka, ambaye wote walimwita chef, alikuwa amekaa kwenye kiti cha kinyozi, sijui walikitoa wapi. Kando yao mama mmoja wa kuuza kwanga alikuwa amepanga bidhaa yake, na watu wa sokoni walikuwa wakipita kama siku zote.

“Mbote,” nikasema kwa mbali, kwa adabu, mikono imeshika liputa.

“Mbote,” akasema chef. “Unakwenda wapi?”

“Kwa maporomoko, chef. Natafuta samaki.”

“Na kapu ya samaki iko wapi?”

Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikafungua kinywa nitafute jibu, na wakati huohuo kifua changu kikalia kwa sauti nyembamba, kri-kri-kri.

Chef akaegemea mbele kwenye kiti chake.

“Mutoto mwanamuke, kifua yako inalia?”

“Iko kikohozi, chef.”

(Ndiyo. Nilisema hivyo. Nimeishi na jibu hilo miaka yote hii.)

“Kikohozi,” akasema chef, akawatazama vijana wake, nao wakaanza kucheka, hata Anaclet midomo ilimcheza. “Alors, toa kikohozi ile tuione.”

Nikalegeza fundo la liputa kidogo tu, nikaingiza mkono, nikakuta kitambaa peke yake. Mgonjwa alikuwa ameshajifungua. Nikahisi kucha zinapanda shingoni mwangu, kisha fuu! akatoka kolani, akapiga mabawa chinichini kwa kuyumbayumba, na katika Kisangani yote, yenye miti yake na paa zake na mto wake, akachagua kutua juu ya kichwa cha Anaclet. Kucha zikanasa kwenye manyoya ya ile ngozi ya nyani. Akaanza kupapatika.

Jamani, sikufikiria. Ningekuwa nimefikiria hata kidogo nisingekuwa na mkasa wa kuwasimulia leo. Niliona bawa linakwenda kuvunjika, basi, nikaruka juu ya lile shina la mti na kumshika Anaclet kichwa kwa mikono miwili. Kule kuruka kukamalizia fundo nililokuwa nimelilegeza, liputa ikabaki upande wa pili wa barière, na mimi nikawa upande huu, nimesimama mbele ya jeshi na soko nikiwa na sketi ya ndani ambayo Papa aliishona kwa lile pazia la maua mekundu la Wazungu, tena kwa sababu ya kubana matumizi hakuitoa mikanda ya kupitishia fimbo.

Mama wa kwanga akasimama aone vizuri.

“Riziki,” akasema Anaclet kwa sauti ndogo, ile sauti yake ya zamani, ya uani kwetu. “Unanigusa.”

Na mimi, badala ya kumwachia hapohapo, mimi na akili zangu nikamwambia, “Ngoja, usijitikise, ndege iko naogopa.”

Hakujitikisa. Mkuki ukamdondoka. Nikaendelea kuchomoa ukucha mmoja mmoja kutoka kwenye manyoya, vidole vyangu vikipita kwenye nywele zake, kwenye paji lake la uso, kwenye sikio, na nilipomaliza, ndege akanitoka mkononi, akapanda hewani akiwa amenyooka kabisa, akapita juu ya paa za soko kuelekea mtoni. Bawa lilikuwa zima. Alikuwa amezimia tu kwa hofu, na mimi nimembeba kifuani kama mtoto mchanga.

“Bandugu, muone!” akaita yule mama wa kwanga. “Iko dirisha ya Muzungu!”

Soko zima likaangua kicheko. Halafu, kidogo kidogo, watu wakakumbuka nilichokuwa nimekigusa, kicheko kikakatika, na wale Simba waliokuwa kivulini wakasimama wakasogea mbali na mwenzao, mtu asije akaambukizwa. Mimi ndipo nikaelewa. Nikaokota liputa yangu nikajifunga, safari hii mafundo mawili.

Na lori likafika palepale, kama limeitwa. Wakaanza kupanda. Anaclet akaokota mkuki wake, naye akafuata.

“Weye hapana,” akasema chef. “Dawa yako inakufa.”

“Chef, hapana.” Anaclet alishika ubao wa lori asiachie. “Anashika ngozi tu. Ngozi ya nyani, chef. Kichwa hapana kugusa.”

Ndani ya lori wenzake walikuwa wanamwita kwa jina, wanampungia, panda, panda tuende. Walikuwa vijana wa mitaa yetu, aliolala nao chini na kula nao miezi yote, na alikuwa anaona haya mbele yao, haya ambayo mimi ndiye niliyemletea. Chef akamtazama yeye, kisha akanigeukia.

“Mutoto mwanamuke, sema kweli. Unashika ngozi, ao unashika kichwa?”

Anaclet akanitazama. Tulijuana tangu utoto, na niliyasoma macho yake vizuri kabisa: sema ngozi. Neno moja, naye angepanda na ndugu zake, na aibu yangu ingeishia kwenye sketi ya pazia. Lakini mimi niliiamini ile dawa. Nikaona risasi ya kwanza inamfuata yeye, na mama yake amesimama barabarani amejikumbatia, na kwamba itakuwa ni mikono yangu na ulimi wangu pamoja vilivyomuua.

“Kichwa, chef,” nikasema. “Hata sikio.”

Lori likaondoka bila yeye. Wenzake waliendelea kuimba hadi lilipopinda kona, na Anaclet alibaki amesimama katikati ya barabara akilitazama vumbi lake.

Mimi niliwekwa chini juani kando ya mapipa mpaka Papa akaitwa. Alikuja na utepe wa kupimia bado uko shingoni, mikono ameifunga nyuma asije akaongeza kosa juu ya kosa, akaomba msamaha kwa heshima zote, akaniita mjinga kwa lugha tatu, na chef, ambaye kusema kweli alikuwa anajizuia kucheka kila akinitazama, akamwambia anirudishe nyumbani na anifunge mikono. Mlangoni Koko akauliza jambo moja tu.

“Na ndege?”

“Ameruka, Koko.”

“Alhamdulillahi.”

“Alhamdulillahi ya nini!” Papa akapiga kelele, mara ya kwanza na ya mwisho kumsikia akimpigia mama yake kelele, kisha akamfuata Koko ndani kumwomba msamaha, wa pili wa siku hiyo.

Jioni Mama Albertine akaja. Hakuingia. Alisimama barabarani, kitambaa cha kichwa mkononi, akanitukana hadi sauti ikamkauka: kwamba mwanawe amekuwa kichekesho, wenzake wameenda yeye amebaki nyumbani pamoja na wanawake, kwamba yule wa kuosha dawa hayuko mjini na hakuna ajuaye atarudi lini, na Anaclet hali, hasemi, amelala ameelekeza uso ukutani. “Mutoto yangu akikufa na haya, iko weye, Riziki!” Tangu siku hiyo mtaani wakanipa jina la Mikono. Nikienda kuchota maji wanawake wanahamisha ndoo zao, nikitaka kumpokea mtoto mama yake anasema amelala, hata kama mtoto ananitolea macho. Ilinichoma kuliko nilivyowaonyesha, maana wanaume wawili waliokuwa wamepeleka maneno kwa Papa kuhusu mimi walikaa kimya ghafla.

Kisha habari zikaja, kwa njia ile habari zilivyokuwa zikija wakati ule, mtu ananong’ona, mwingine anakana, wa tatu analia. Lile lori halikufika mbali. Katika wale waliopanda siku ile, hakuna hata mmoja aliyerudi Kisangani, na wote walikuwa na dawa nzima, hakuna mwanamke aliyewagusa.

Mama Albertine akaja tena, safari hii asubuhi, na safari hii akaingia. Nilikuwa nimekaa barazani nikichagua mchele. Akapiga magoti mbele yangu, mama mtu mzima, akanichukua mikono yote miwili, hii ambayo mtaa mzima ulikuwa unaikwepa, akaiweka kwenye mashavu yake yaliyolowa, na mikono yake ilinuka samaki na moshi. Alikaa hivyo mpaka Koko akaja kumwinua, na mimi nililia kwa furaha, nasema bila kuona haya, kwa furaha na aibu pamoja, kwa sababu nilijua kuna akina mama wengine ambao asubuhi hiyo hawakuwa na mtu wa kumshika mikono.

Basi mtadhani mkasa umeishia vizuri. Anaclet hakunisalimia tena. Uasi ukapita, mji ukahesabu majeraha yake, yeye akarudi kwenye nyavu za baba yake kule maporomoko, akaoa, akazaa, na kila nikipita sokoni aligeuza uso. Miaka ikawa mingi. Mama yake alipofariki nilikwenda msibani, na wakati wa kuondoka nikakutana naye uso kwa uso mlangoni, nywele zimekuwa nyeupe, mahali pa kunikwepa hapakuwepo. Nikampa pole.

“Mama alikuwa anakushukuru kila siku mpaka anakufa,” akasema. “Miye, Riziki, ningali naona wale bandugu ndani ya lori, wananiita nipande. Siyajue bado kama nikushukuru ao nikulaani.”

Nikamwambia asiharakishe.

Kwa hiyo nimeapa, na ninyi mlioko hapa ni mashahidi: paka sifugi, kitu chenye uhai siweki kifuani, na kitu kikiruka nitakiacha kiruke, mikono nyuma. Wajukuu wangu wananiuliza, na lile swali la chef, likirudi, ungelijibu vipi? Nawaambia ningesema kweli vilevile, kichwa, hata sikio. Halafu nainuka kwenda jikoni, maana baada ya hapo wanaanza kuniuliza majina ya wale waliopanda, na mimi yote nayajua.